Fundi Nakhumicha na skrini iliyokataa kuwaka Rhonda

Saa tatu asubuhi, Jumamosi. Katika chumba cha mbele cha nyumba ya mabati mtaani Rhonda, Nakuru, Rispah Nakhumicha amepiga magoti mbele ya meza kama mtu aliye katika sala. Mkononi ana bisibisi. Mbele yake feni inazunguka, taa ndogo ya kijani imewaka, na skrini ni nyeusi.

Anazima. Anavuta pumzi. Anawasha tena.

Feni inazunguka. Taa inawaka. Skrini inabaki nyeusi.

"Anti, imekufa?" anauliza Cate, msichana wa miaka ishirini na miwili aliyeketi ukingoni mwa kitanda, magongo yake mawili yakiwa yameegemea ukuta.

"Haijakufa," Nakhumicha anajibu bila kugeuka. "Kitu ikikufa haipumui. Hii inapumua, si unasikia feni? Ni vile bado haijataka kutuonyesha uso."

Nyuma yake mama ya Cate, Wachuka, amesimama na kikombe cha chai ambacho hajakumbuka kumpa mgeni. Baba, Gachanja, amekaa kwenye kigoda mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Hapo ndipo alipoambiwa akae.

Kompyuta hii inaitwa mpya kwa sababu leo ndiyo siku yake ya kwanza kuwa kitu kimoja. Sehemu zake zilinunuliwa mojamoja kwa karibu mwaka mzima, nyingi zikiwa za mitumba, kila pesa kidogo ilipopatikana. Leo asubuhi zimeunganishwa. Aliyeziunganisha ni Cate mwenyewe, Nakhumicha akiwa kando yake akimwelekeza. Fundi huyu hupenda mwenye mashine aijue mashine yake kwa mikono.

Na kompyuta hii haina muda wa kusubiriwa. Kwa miezi mingi Cate amekuwa akipanga kurasa za programu za mazishi, kadi za harusi na matangazo ya harambee kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Ruqaiya, mwenye duka la kuchapisha mjini, aliziona akazipenda. Amemwambia kuanzia Jumatatu atamtumia kazi nyumbani, ili asihangaike na magongo kwenye bodaboda. Lakini kurasa kubwa haziwezi kufanywa kwa simu. Jumatatu Cate asipokuwa na kompyuta, kazi itapewa mtu mwingine, kwa kuwa wafiwa hawawezi kuambiwa wangoje.

"Alinieleza vizuri, hata hakuniharakisha," Cate anasema. "Lakini mazishi haingoji. Hiyo naielewa."

Nakhumicha anaielewa pia. Ndiyo maana amevua sweta na kukunja mikono ya blauzi.

Ana miaka hamsini na mmoja. Alizaliwa upande wa Bungoma, akaja Naivasha akiwa msichana kufanya kazi katika mashamba ya maua. Alikata waridi hadi vidole vikaanza kuvimba kila asubuhi. Mumewe alipofariki, alihamia Nakuru na binti yake Nanyama, ambaye sasa ameolewa Kitale, akapata kazi ya kufagia katika duka la kutengeneza kompyuta mjini.

"Nilikuwa nafagia zile skrubu ndogo ndogo," anakumbuka. "Najiuliza, hizi zinatoka wapi na kwa nini mashine inaondoka bila hizo na inafanya kazi? Asubuhi naipata imekufa kwa meza. Jioni mwenyewe anaibeba ikiwa hai. Nikasema, Mungu wangu, kumbe kuna watu wanafanya hii kazi."

Akiwa na miaka arobaini na mitatu alijiandikisha katika darasa la jioni lililofundishwa kwenye ukumbi wa kanisa. Wenzake wengi walikuwa vijana waliotoka kumaliza sekondari. Yeye alikuwa ametoka kufagia. Siku ya kwanza alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, akidhani ataombwa atoke.

"Kila jioni nilikuwa nasimama kwa geti kwanza, naomba," anasema. "Naomba Mungu anipe akili ya kushika ya leo tu. Ya kesho nitaiomba kesho."

Mwalimu wake, Jalal, kijana mpole ambaye wazazi wake walitoka Mombasa, hakumwomba atoke. Alimwita mathe, yaani mama, kama alivyowaita wanawake wote wa umri wake, na akamfundisha kanuni ambayo hadi leo Nakhumicha huitamka kabla ya kugusa mashine yoyote: anza nje, ingia ndani polepole, na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati.

"Aliniambia, 'Mathe, ukibadilisha vitu viwili na ikawaka, hutajua ni gani kilikuwa kigonjwa. Umeiponya lakini hujajifunza.'"

Sasa ana kibanda chake cha ufundi mtaani Kaptembwo, upana wake ukiwa mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Siku nzuri, baada ya kodi na stima, hubaki na shilingi mia nane. Siku mbaya huchaji simu za watu na kushukuru. Mashine nyingi anazoletewa zina ugonjwa huu huu ulio mbele yake leo: kila kitu kinanguruma na skrini haionyeshi chochote.

"Watu wakiona giza wanaogopa," anasema. "Wanadhani kila kitu kimeharibika. Mara nyingi ni kitu kimoja kidogo."

Basi leo anaanza nje.

Anachomoa waya wa stima wa skrini na kuuchomeka tena. Anabonyeza kitufe cha pembeni, na skrini inaandika kwamba haipati picha kutoka popote, kisha inazimika. Hiyo ni habari njema. Skrini yenyewe ni nzima.

Anauangalia waya wa picha. Nyuma ya kompyuta kuna mahali pawili unapoweza kuingia, na watu wengi huuchomeka pale pa juu, kwenye ubao mkuu unaobeba vipande vyote, ilhali kadi ya picha, ile inayoituma kwenye skrini, iko chini. Anainama kuhakikisha. Cate aliuweka pa chini, mahali pake.

"Umeiweka sawa kabisa," anamwambia. "Wiki jana mzee mmoja wa Kaptembwo ameniita nyumbani kwake, ameshinda siku nzima akiomba iwake, na waya iko juu. Nimeiteremsha tu ikawaka. Akaniuliza ananilipa ya nini."

"Ukamwambia nini?" Wachuka anauliza. Chai bado iko mkononi.

"Nikamwambia ananilipa kwa kupiga magoti. Hizi goti ni mzee kama yeye."

Cate anacheka. Ni mara ya kwanza kicheko kusikika nyumbani humo tangu asubuhi.

Nakhumicha anabadilisha waya wa picha kwa mwingine kutoka kwenye mkoba wake. Giza. Anarudisha ule wa kwanza. Anazima kabisa, anachomoa kutoka ukutani, na kufungua ubavu wa kompyuta.

Hapo Gachanja anasogeza kigoda mbele kidogo ili aone.

"Wewe Baba Cate, kaa hapo hapo," Wachuka anasema. "Hiyo unga yako isikaribie."

"Nimeoga mara mbili, Mama Cate."

"Na masikio bado ni meupe."

Gachanja hufanya kazi Kariandusi, karibu na Ziwa Elmenteita, katika machimbo ya ule udongo mweupe mwepesi unaosagwa kuwa unga. Huja nyumbani mwisho wa juma, na unga huja naye, katika kope, katika kola, chini ya kucha. Tangu kipande cha kwanza cha kompyuta kilipoingia nyumbani, mkewe alimpiga marufuku kuvigusa. Kila kipande kilifungwa kwenye kitambaa cheupe cha kufuma, vile vitambaa ambavyo kina mama hutandika juu ya makochi, kikawekwa ndani ya kabati la vyombo, na mlango wa kioo ukafungwa. Mwaka mzima Gachanja amekuwa akiitazama kompyuta ya bintiye kupitia kioo.

Anarudisha kigoda nyuma bila kubishana.

Nakhumicha anatoa kutoka mkobani kipaza sauti kidogo chenye nyaya mbili na kukichomeka kwenye ubao mkuu. Mashine hii ya Cate haikuja nacho, ndiyo maana ilikuwa bubu. Anawasha.

Safari hii inalia. Mlio mrefu, kimya, mlio mrefu, kimya.

"Sasa imesema," Nakhumicha anasema, na uso wake unalegea. "Haioni kumbukumbu yake. Ni kama mtu ameamka hajui yuko wapi. Hawezi kuchora picha yoyote hadi akumbuke."

Kumbukumbu ni kibao chembamba, kirefu kuliko kidole, ambacho mafundi hukiita RAM. Anazima na kukichomoa kwa kukishika kwenye kingo, anakirudisha na kukikandamiza hadi vishikizo vya pembeni vinajifunga. Anawasha.

Mlio mrefu. Kimya. Mlio mrefu.

Sasa anakaa chini kabisa, sakafuni, akiegemea mguu wa meza. Midomo yake inatembea, kama anayeomba.

"Hii kitu niliipima mimi mwenyewe," anasema hatimaye. "Kila kipande nilikipima kwa kibanda kabla niwape. Kilikuwa kinafanya kazi. Mimi ndiye niliwachagulia, na nyinyi mlitoa pesa ya kuuza mbuzi na pesa ya chama cha akiba. Kama nimewapatia kitu mbovu, ni mimi."

Kisha sauti inatoka mlangoni.

"Si wewe, Mama Nanyama. Ni mimi."

Gachanja ameitazama sakafu.

"Ile siku hiyo ndogo ililetwa, nilikuwa nimetoka kazi. Walikuwa wameiweka kwa meza, bado haijafungwa. Nilitaka tu kujua uzito yake. Niliishika kidogo nikairudisha. Sikuwa nimeoga."

"Nilikuwa naskia watu wakisema kompyuta ya Cate," Gachanja anaendelea. "Nikataka kuishika."

Nakhumicha anainuka polepole, mkono mmoja mezani. Anachomoa kibao tena na kwenda nacho dirishani. Anakigeuza kwenye mwanga. Anapuliza kwenye mfereji wa ubao mkuu ambamo hukaa, kisha anapitisha pamba iliyofungwa kwenye kijiti. Pamba inatoka safi.

"Njoo uone," anamwambia Gachanja. "Hapana, njoo, simama hapa kwangu. Unga yako ni nyeupe. Umeona nyeupe yoyote hapa?"

"Sioni."

"Hakuna. Hujafanya kitu, Baba Cate."

Lakini yeye mwenyewe ameona kitu kingine. Chini ya kibao kuna safu ya meno madogo yenye rangi ya dhahabu, na hayo ndiyo hugusana na ubao mkuu. Juu ya dhahabu kumenata uzi mmoja mweupe, wa kitambaa cha kufuma. Uzi haunati kwenye kitu kikavu. Anaugusa kwa ncha ya kidole, anasugua kidole kwa kidole, kisha anakinusa.

Anaijua harufu hiyo. Nyumbani kwake Kaptembwo ana chupa yenye harufu kama hiyo.

"Mama Cate," anasema kwa upole, "mliombea hivi vitu?"

"Tuliombea," Wachuka anasema. "Kila kimoja. Kikifika tu, kabla hakijafungwa, tunashikana mikono wote watatu tunaomba."

"Na mafuta?"

Wachuka anaweka chini kikombe cha chai.

"Nilipaka alama ya msalaba," anasema. "Kila kipande. Pale pamekaa dhahabu. Nilifikiria hapo ndipo uso yake, ndipo penye bei. Sikutaka kupaka mahali hivi hivi tu."

Ni desturi ya nyumba nyingi katika mitaa hii. Hupakwa mafuta ya zeituni yaliyoombewa cherehani mpya, pikipiki ya bodaboda, mlango wa duka, paji la uso la mtoto anayekwenda kufanya mtihani. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba katika kompyuta, pale panapong'aa ndipo pasipotaka kuguswa hata na kidole kikavu.

"Kwa hivyo ni maombi imeharibu," Wachuka anasema. Sauti yake imekuwa ndogo sana. "Mwaka mzima namfukuza huyu kwa meza na unga yake, kumbe ni mkono wangu."

"Maombi haijaharibu kitu," Nakhumicha anasema. "Mafuta ilikaa mahali stima inapitia, basi. Haijachoma, haijavunja. Ingekuwa maji mngenunua ingine. Mafuta inapanguswa."

Gachanja anamsogelea Wachuka.

"Chupa nilikuwa nimeshika mimi," anamwambia mkewe. "Wewe ulichovya kidole, lakini chupa nilishika mimi. Usijibebee peke yako."

Wachuka anajifuta machozi. Kisha anavuta kiti cha meza, kile chenye mto, na kumwekea mumewe karibu na kompyuta.

"Kaa hapa," anasema. "Utaona vizuri."

Fundi anarudi kazini. Anatoa chupa ndogo ya spiriti, kitambaa laini, na raba nyeupe ya mtoto wa shule. Anapangusa meno ya dhahabu kwa spiriti, anayasugua taratibu kwa raba, anapuliza mabaki, kisha anapangusa tena. Kadi ya picha nayo ina msalaba wake, mrefu zaidi.

"Hapa uliomba kwa nguvu," anamwambia Wachuka, na Wachuka, macho yakiwa bado na machozi, anacheka akijifunika mdomo kwa leso.

"Hiyo ndiyo ilikuwa na bei kubwa," anajitetea.

Kipande cha pili Nakhumicha anamwachia Cate asugue. Msichana anafanya hivyo kwa uangalifu, akiwa ameuma ulimi pembeni. Wanasubiri spiriti ikauke. Nakhumicha anakunywa chai, ambayo sasa imepoa, na kusema ni tamu. Hamruhusu mtu yeyote kuwasha kabla ya wakati.

"Jalal alikuwa anatuambia, haraka yako haikaushi spiriti."

Vipande vinapokauka, Cate anavirudisha mwenyewe, kibao kwanza, kisha kadi. Vishikizo vinajifunga. Wachuka amefumba macho. Gachanja ameweka mikono yake juu ya magoti, viganja vikiangalia juu, kama anayeogopa kupumua karibu.

"Bonyeza," Nakhumicha anasema.

Feni inazunguka. Taa inawaka. Unasikika mlio mmoja mfupi, kama mtu anayesafisha koo. Halafu skrini, iliyokuwa nyeusi tangu asubuhi, inapata rangi ya kijivu, kisha maandishi meupe yanaanza kushuka, mstari kwa mstari.

Cate anaweka kiganja juu ya kioo na kukiondoa haraka, akikumbuka habari ya vidole na mafuta.

"Inasema nini?" Gachanja anauliza.

"Inajitambulisha," Nakhumicha anamjibu. "Inataja kila kitu iko nayo, moja moja. Hapo, umeona? Hiyo ni ile uliyoshika."

Gachanja anausogelea mstari huo na kuusoma kwa kidole hewani, bila kugusa, ingawa safari hii hakuna aliyemkataza.

Nakhumicha anabaki hadi mchana akimsaidia Cate kuweka programu za kupanga kurasa. Cate anampigia Ruqaiya na kumwambia yuko tayari. Sauti ya upande wa pili inasikika chumbani kote: "Basi Jumatatu asubuhi nakutumia ya kwanza. Ni ya bibi mmoja wa Njoro, tuifanye iwe nzuri."

Kabla fundi hajaondoka, Wachuka anatoa ile chupa ya mafuta kabatini. Anaishika kwa mikono miwili na kumtazama Nakhumicha, kama anayeomba ruhusa.

"Tumshukuru Mungu," Nakhumicha anasema. "Lakini mpake Cate, si mashine. Na ni paji la uso tu, mikono hapana. Mikono inaenda kwa kibodi."

Wanasimama wote wanne katika chumba hicho kidogo, Gachanja akiwa katikati. Wachuka anaomba kwa Kigikuyu, Nakhumicha anaitikia kwa Kiswahili, na feni inaendelea kuzunguka chini ya sauti zao.

Nakhumicha ana ombi lake mwenyewe ambalo amekuwa nalo kwa muda mrefu. Anataka kuanzisha darasa la jioni Kaptembwo, kwa kina mama waliotoka kufua, kuuza mboga au kufagia kama alivyokuwa yeye. Kanisa moja limekubali kumpa chumba siku za wiki. Meza anazo, za kuazima. Mashine mbili kuukuu amezifufua mwenyewe. Kilichobaki ni kuwafanya wanawake waamini kwamba hawatatolewa nje siku ya kwanza.

Hiyo ndiyo sababu kazi ya kwanza kwenye kompyuta ya Cate si ya mazishi. Ni tangazo la darasa hilo. Jioni ya siku hiyohiyo msichana tayari ameliandaa, maandishi makubwa ya bluu, na chini kabisa sentensi aliyoiongeza bila kuulizwa: hata ukichelewa, njoo.

Nakhumicha analisoma mara kadhaa kwenye simu yake, amesimama mlangoni pa kibanda.

"Somo la kwanza nishalijua," anasema, akiiweka simu kifuani. "Tutaomba. Halafu tutanawa mikono."